Kwa nini "nilisoma" ya Kihispania ni mbili?

Anayejifunza Kihispania hukwama mapema hapa: "nilisoma" inaweza kuwa *leí*, inaweza pia kuwa *leía*. Yote mawili ni wakati uliopita, na hakuna lililo la zamani kuliko jingine. *Leí* hukichukua kitendo kizima, tangu mwanzo hadi mwisho. *Leía*, yaani imperfecto, hukikuta katikati, kikiendelea au kikijirudia, na haina habari kiliisha lini.

Mswahili kipimo anacho tayari mdomoni. Sentensi ikikubali "nilikuwa nikisoma" bila maana kuharibika, hiyo ni imperfecto. *Leía cuando llamaste*: nilikuwa nikisoma ulipopiga simu. Simu ndiyo iliyoingilia, kwa hiyo *llamaste* haiguswi. *De niño iba al mercado los sábados*: utotoni nilikuwa nikienda sokoni kila Jumamosi.

Kuiunda ni kazi ndogo. Kitenzi cha -ar ondoa -ar, weka -aba, -abas, -aba, -ábamos, -abais, -aban. Vya -er na -ir huchukua -ía, -ías, -ía, -íamos, -íais, -ían, na alama juu ya í haiachwi kamwe. Vinavyoasi ni vitatu tu: *ser* (era), *ir* (iba) na *ver* (veía). Ila *hablaba* (ya *hablar*, kuzungumza) ni mimi na ni yeye pia, basi palipo na utata taja *yo* (mimi) au *ella* (yeye, mwanamke).

Wengi huteleza kwenye muda mrefu. "Niliishi Madrid miaka mitano" huandikwa *vivía*, eti kwa kuwa miaka mitano ni mingi. Urefu si hoja. Miaka ikishahesabiwa, kitendo kimefungwa: *viví cinco años en Madrid*.

Kipimo chetu huyumba kwenye vitenzi vya hali, maana hapo -li- peke yake hututosha. *Lo sabía* ni nilijua, nilikuwa nalo kichwani. *Lo supe* ni nilipata kujua. *No quería ir*: sikutaka kwenda, na huenda nilikwenda hivyo hivyo. *No quise ir*: nilikataa.

Umri na saa havina mjadala, ni imperfecto. *Tenía diez años*, nilikuwa na miaka kumi. Kihispania nacho husema mtu ana miaka. *Eran las siete*, ilikuwa saa moja. Naam, moja, si saba, ingawa *siete* ni saba.