Si kidonge cha sukari kinachokumaliza nguvu

Kwa kinyozi mmoja Kariobangi, Nairobi, mzee alisema ameacha metformini, kidonge cha ugonjwa wa sukari, kwa sababu "inaua nguvu za kiume." Wenzake wakaitikia. Hayo nimeyasikia hata kwenye matatu za Jogoo Road, na kila mara mshtakiwa ni kidonge, kamwe si sukari yenyewe.

Ili uume usimame, neva zipeleke ujumbe na mishipa midogo ijae damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu vyote viwili polepole, mara nyingi kabla mtu hajajua anaugua. Anapoanza dawa, hasara ilishaingia, na kidonge kinabebeshwa kosa la mwingine. (Baadhi ya dawa za presha ndizo huweza kuchangia. Mwambie daktari akubadilishie, usizitupe.)

Mkojo nao una kisa chake. Sukari ikipita takriban 10 mmol/L kwenye damu, figo haziwezi kuirudisha yote, hivyo inatoka na mkojo huku ikivuta maji. Ndipo mtu anaamka mara nne usiku na kulaumu baridi ya Julai. Baadaye neva za kibofu zikiharibika mambo hugeuka: hahisi kimejaa, mkojo unabaki ndani, bakteria wanastarehe.

Wanawake hawakusazwa: fangasi ya kurudirudi, ukavu, maumivu wakati wa tendo. Mama anayenunua krimu ileile kila mwezi apimwe sukari.

Na vile vidonge vya buluu vya kusimamisha uume, vya kununuliwa kichinichini? Ukivichanganya na dawa za moyo za nitrati, presha huweza kuanguka vibaya.