Pengo la kisa au kosa la fizikia? Dhana potofu kuhusu filamu kubwa za kisayansi

Mtu akisema filamu fulani ya anga za juu imejaa mapengo, mara nyingi anatia katika kapu moja mambo matatu yasiyofanana: kosa la sayansi, jambo ambalo halikuelezwa, na kisa kinachojipinga chenyewe. Hilo la tatu ndilo linaloniharibia filamu, na huniuma zaidi pale picha, muziki na uigizaji vyote vilipofanywa kwa ustadi.

Dhana: Filamu ikikosea sayansi, kisa kina pengo.

Katika The Martian (2015), steringi anaachwa peke yake Mirihi baada ya dhoruba kutishia kuangusha roketi. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya ule wa Dunia, na upepo wa namna hiyo hauwezi kutikisa roketi. Andy Weir, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, amekiri kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini dhoruba ikishapita, kisa kinakwenda kwa hesabu: maji, chakula, siku zilizobaki. Fizikia imekosewa, kisa hakikuvunjika.

Dhana: Kisichoaminika ni kosa.

Wengi hukataa katakata kwamba saa 1 kwenye sayari ya maji katika Interstellar (2014) iwe sawa na miaka 7 duniani. Kip Thorne, mwanafizikia aliyeishauri filamu hiyo na aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, alipiga hesabu akaona inawezekana, mradi shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano usioachia hata mwanga) lililo karibu na sayari hiyo lizunguke kwa kasi inayokaribia kikomo chake.

Dhana: Bajeti kubwa huziba mapengo.

Pesa hununua picha, hainunui mantiki. Filamu kubwa huandikwa upya huku inapigwa, kisha hukatwa tena mezani kwa mhariri, na kila mkato unaweza kuacha uzi unaoning'inia. Katika Blade Runner (1982), mkuu wa polisi anasema watu bandia 6 walitoroka na 1 ameshakufa. Wanabaki 5, lakini tunaonyeshwa 4 tu. Aliyepungua ni mhusika aliyeondolewa kwenye filamu, na maneno ya yule mkuu hayakurekebishwa. Kutokana na namba hiyo moja, watazamaji walijenga nadharia nzima kwamba mpelelezi mwenyewe anayewasaka ndiye mtu bandia aliyekosekana. Katika toleo la mwaka 2007, mkuu huyo anasema waliokufa ni 2. Ilichukua miaka 25 kusahihisha neno moja!

Dhana: Mtazamaji anayehoji hajui kustarehe.

Hapa natetea wanaohoji. Katika The Last Jedi (2017), filamu ya mfululizo wa Star Wars, kamanda wa waasi anaigeuza meli yake na kuirusha kwa kasi ya mwanga katikati ya meli za adui. Sauti zote zinakatika. Ni miongoni mwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona katika sinema. Halafu swali linakuja lenyewe, hulitafuti: kama meli moja inaweza kufanya hivi, mbona waasi wa filamu ya kwanza ya mfululizo huo, ya mwaka 1977, walipeleka vindege kuivamia Death Star, ngome kubwa ya silaha ya adui angani, wakafa mmoja baada ya mwingine? Kanuni ambayo filamu imejiwekea ni ahadi, na ahadi ni deni. Filamu ya mfululizo huo ya mwaka 2019 ilijaribu kulilipa kwa sentensi moja: kwamba mbinu ile hufaulu mara moja katika milioni. Jibu hilo liliharibu zaidi, kwa sababu kujitoa mhanga kwa yule kamanda kukageuka bahati nasibu.

Dhana: Kila kiraka cha baadaye ni ujanja.

Tundu la mita 2 lililoiangamiza Death Star lilisemwa kwa miaka mingi. Nani angejenga silaha ya ukubwa ule akaiachia udhaifu kama huo? Rogue One (2016), ya mfululizo huohuo, ilijibu kwa kutuletea mtu: mhandisi aliyelazimishwa kuijenga, akauficha udhaifu ndani yake makusudi, kisha akarekodi ujumbe wa kumweleza binti yake. Tangu hapo, kila nikiitazama filamu ya mwaka 1977 na rubani akalenga lile tundu, namkumbuka huyo baba.