Je, wajua kwa nini mpira wa Australia ulianzishwa na mcheza kriketi?

Mchezo ule wa Australia, wa wachezaji 18 kila upande, unaoruhusu kudaka mpira, kuupiga kwa mguu na hata kumparamia mwenzako mabegani, ulianzishwa ili wacheza kriketi wasilegee. Kriketi ilichezwa kiangazi. Ikifika Juni na Julai, miezi ambayo kwetu ni kipupwe na kule Melbourne ni baridi na mvua, wachezaji walikaa bure.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni Tom Wills, mcheza kriketi aliyesifika kuliko wote katika koloni la Victoria. Julai 1858 gazeti la Bell's Life in Victoria lilichapa barua yake: iundwe klabu ya mpira yenye kamati ya kutunga sheria, na ikishindikana, basi hata klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki, mradi vijana wasikae tu.

Wills alizaliwa mwaka 1835, akakulia magharibi ya Victoria akicheza na watoto wa Djab Wurrung, wenyeji asilia wa huko, na lugha yao aliijua. Alipofika miaka 14 baba yake alimpeleka Uingereza, shule ya Rugby. Ndiko alikojifunza mpira wa vurugu: kukimbia na mpira mkononi na kupigana mateke ya miundi.

Mwezi mmoja baada ya barua ile alikuwa mmoja wa waamuzi wa mechi kati ya shule mbili za Melbourne, wanafunzi 40 kila upande. Walicheza siku tatu, tena kwa wiki tofauti, wakatoka goli moja kwa moja!

Mei 17, 1859, Wills na wenzake wachache waliandika sheria kumi. Wenzake waliukataa mtindo wa Rugby. Ardhi ya Melbourne ni ngumu, na wachezaji walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Nani angeripoti kazini Jumatatu na mguu uliovunjika? Ngwala ikaruhusiwa, teke la muundi likapigwa marufuku. Kuhusu kuotea hawakuandika neno, na mpaka leo mchezo huo hauna ofsaidi.

Oktoba 1861, huko Queensland, koloni jingine la Australia, baba yake Wills na watu wengine 18 waliuawa na wenyeji asilia. Tom alinusurika kwa kuwa alikuwa safarini kufuata mahitaji. Kinachonigusa zaidi ni kwamba miaka mitano baadaye aliifundisha timu ya kriketi ya wenyeji asilia na kuiongoza uwanjani Melbourne, mbele ya maelfu ya watu.

Pombe ilimmaliza. Mwaka 1880, akiwa na miaka 44, alijiua. Jina la "baba wa mpira" likaenda kwa H. C. A. Harrison, ndugu yake wa ukoo aliyezirekebisha sheria mwaka 1866, na kaburi la Wills likakosa jiwe la kumbukumbu hadi 1980. Kwangu mimi hiyo si haki: Harrison alirekebisha kilichokwisha kuanzishwa.