Kabla hujalipia gari la kifahari lenye ramani ya Japani

Malipo ya minada ya korosho yakishaingia, simu za kuniulizia magari huongezeka hapa Mtwara. Wengi wa wanaopiga hawaulizii IST. Wanataka Crown, Harrier, Mark X, Mercedes E-Class, BMW X5, na wachache Range Rover. Ni magari yaliyokuwa ghali mno yalipotoka kiwandani, lakini yakishafikisha miaka kumi na tano bei yake inashuka kiasi kwamba mkulima wa Tandahimba au mfanyabiashara wa Masasi anayafikia, hata ukijumlisha ushuru na ile tozo ya uchakavu. Picha ya tangazo karibu kila mara inaonesha dashibodi ikiwa imewashwa, kioo kikubwa katikati, maandishi ya Kijapani yamejaa, na muuzaji anakitaja kioo hicho kama sababu ya bei. Swali linalofuata nalijua: fundi, hiyo ramani inabadilishwa iwe ya Tanzania?

Haibadilishwi. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu mtu akishasikia jibu hilo huamua kung'oa kioo chote na kuweka redio ya Android, na uamuzi huo mara nyingi unamgharimu kuliko ramani yenyewe. Mimi ni fundi umeme wa magari, na sehemu kubwa ya kazi ninazoletewa kwenye magari ya aina hii zilianzia hapo.

Kwanza, kipokezi cha GPS kwenye magari haya kwa kawaida ni kizima. Setilaiti bado zinarusha mawimbi yaleyale ya zamani, kwenye masafa ya 1575.42 MHz, na Crown ya 2004 iliyoegeshwa Shangani inayashika kama simu yako inavyoyashika. Gari linajua liko wapi duniani. Linachokosa ni mchoro wa barabara wa kujiweka juu yake. Ramani iko kwenye DVD, kwenye diski ngumu ya ndani au kwenye kadi ya SD, na ndani yake ipo Japani peke yake. Ndiyo maana utaona kishale kimesimama kwenye uwanja mtupu usio na barabara, au kimekwama mahali fulani Japani ambako gari lilikuwa kabla ya kupakiwa melini.

Hata programu yenyewe ilitengenezwa kwa maisha ya kule. Mitaa mingi ya Japani haina majina. Anwani zinakwenda kwa vitalu na namba, kwa hiyo dereva hutafuta mahali kwa kuandika namba ya simu ya duka au hoteli anayokwenda. Hakuna diski ya Tanzania iliyotengenezwa kwa mfumo huo, na mtu anayekuambia anayo, mwambie aiweke kwanza uione, ndipo uzungumzie hela. Na tuseme ingekuwepo, ya umri uleule wa gari. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Daraja la Umoja kule Mtambaswala lilifunguliwa 2010. Lami ya Kibiti hadi Lindi ilimalizika baadaye, na barabara ya kutoka Mtwara kwenda Newala kupitia Mnivata imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Ramani ya 2002 ingekupeleka Rufiji kusubiri kivuko.

Kuhusu saa na tarehe, hapa watu wanatapeliwa. Ukikuta kioo kinaonesha mwaka uliorudi nyuma karibu miaka ishirini, usikubali kuambiwa kompyuta imekufa. Mfumo wa GPS unahesabu wiki kuanzia 0 hadi 1023, kisha unarudi sifuri, yaani kila baada ya karibu miaka ishirini. Ulirudi sifuri Agosti 1999, ukarudi tena Aprili 2019, na utarudi Novemba 2038. Kila mtengenezaji aliweka mahali pake pa kuanzia kuhesabu, kwa hiyo vifaa havipotei siku moja. Januari 2022 magari mengi ya Honda na Acura yenye navigesheni, sehemu mbalimbali za dunia, yaliamka saa zikiwa zimerudi 2002, na wenye magari walilazimika kusubiri hadi Agosti mwaka huo. Hayo ni mahesabu ya programu. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Halafu kuna hili ambalo wateja wangu wanalipenda. Japani iko mbele yetu kwa saa sita kamili, na navigesheni nyingi za kule zinajirekebisha saa kwa GPS bila kukuruhusu kubadilisha nchi. Kioo kikiwa kwenye mtindo wa kuhesabu saa hadi 12, si hadi 24, basi kinasoma saa ya Kiswahili barabara: asubuhi saa mbili kinaonesha 2:00, mchana saa nane kinaonesha 8:00. Wazee wengi wanaomba niiache hivyohivyo, na naiacha.

Redio nayo: FM ya Japani ya miaka ile inaishia 90 MHz, ya kwetu inakwenda hadi 108. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena kushusha masafa. Kikiwa cha 20 MHz, stesheni ya 101.5 utaitafuta 81.5. Ni bei nafuu na kinatosha. Kitufe cha TV kisahau. Matangazo ya analojia yaliyokuwa yakionekana kwenye magari hayo yalizimwa Japani Julai 2011, na dijitali yao si mfumo tunaotumia sisi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwenye gari la kifahari kioo kile hakikuwekwa kwa ajili ya ramani tu. Kwenye Crown na Harrier nyingi ndicho kinachoonesha na kupokea maagizo ya AC. Kamera ya rivasi inapita humo. Mipangilio ya taa na milango imo humo. Kama gari lina spika za JBL au Mark Levinson, sauti inatoka kwenye amplifaya iliyo mbali na kioo, na amplifaya hiyo inasubiri kuamshwa na redio ya asili kwa lugha ya mtandao wa ndani wa gari. Ukiweka redio ngeni isiyoijua lugha hiyo, kioo kinawaka, nyimbo zinakwenda, na spika ziko kimya. Baadhi ya BMW zenye injini ya N52 hazina hata kijiti cha kupimia oili. Kiwango kinasomwa kwa kompyuta na kuoneshwa kwenye kioo au kwenye mita. Mtu akivuruga mfumo huo anaendesha bila kujua oili ya injini yake.

Magari ya Ulaya ya kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yana jambo la ziada. Redio, navigesheni, amplifaya, simu na kicheza CD vimeunganishwa kwa nyuzi za plastiki zinazopitisha mwanga, na vimefungwa kwa mduara, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kuzima moto. Kila kifaa kinapokea na kumpa wa pili yake. Ukitoa kimoja, ndoo haifiki. Sauti yote inakatika, na mara nyingine vifaa vingine vinagoma kulala usiku, hivyo asubuhi betri imeisha na watu wanabadilisha alternator isiyo na kosa. Kupima si kazi ngumu: gari likiwa limewashwa swichi, chomoa soketi ya nyuzi hizo uangalie ncha yake. Ikitoa kidoa cha mwanga mwekundu, kifaa kinachoitangulia kinafanya kazi. Kama ni giza, tatizo liko nyuma yake. Na uzi huo haukunjwi kama waya wa shaba. Ukiupinda kona kali ukaubana nyuma ya dashibodi, mwanga unapotea ndani na umeshauua.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kadi. Toyota nyingi za kuanzia 2010 hivi zina navigesheni inayoendeshwa na kadi ya SD iliyofichwa nyuma ya kioo au pembeni. Kadi hiyo haina ramani tu. Ina programu inayokiwasha kifaa kizima. Mzee mmoja aliniletea Mark X kutoka Newala.

"Fundi, redio imekufa ghafla. Jana ilikuwa inaimba."

"Shikamoo mzee. Kuna mtu aligusa kidirisha cha kadi?"

"Marahaba. Mjukuu wangu alikuta kadi humo, akaichukua aweke nyimbo."

"Na ile ya mwanzo iko wapi?"

"Ndiyo hiyohiyo. Aliifuta kwanza, ikapata nafasi."

Kioo kilikuwa kinaonesha mstari mmoja wa Kijapani kinaomba kadi sahihi, na hakuna kitufe kilichoitikia. Kunakili mafaili kutoka kadi ya gari jingine kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu kadi zina ufunguo wake. Kwa hiyo ukinunua gari, siku ya kwanza fungua kidirisha hicho, hakikisha kadi ipo, funga, na wakataze vijana wa nyumbani. Kama gari limeshuka Dar bila kadi, mdai aliyekuuzia kabla hujamaliza hela yake.

Tatizo linalofanana na hilo ni la betri. Vifaa vingi vya Toyota na Lexus vikikatiwa umeme vinajifunga na kudai namba ya siri. Safari ya meli inaua betri, na fundi asiyejua anachomoa temino kwa sababu nyingine kabisa, kisha kioo kinaleta namba ndefu na kusubiri jibu. Namba hiyo ipigie picha. Ndiyo inayotumika kutafuta ya kufungulia. Lakini afadhali usifike huko. Kabla ya kubadilisha betri, unganisha betri ya pembeni ili umeme usikatike hata kidogo. Fundi akikuambia hakuna haja, tafuta mwingine.

Ukiwa unaagiza, mwombe muuzaji video, picha hazisaidii. Video ianze kabla ya kuwasha, iendelee mpaka ramani itokee, kisha aguse pembe zote nne za kioo, maana mguso huwa unakufa upande mmoja, aweke gia ya rivasi kamera ionekane, na abadilishe joto la AC. Mwombe pia afungue ukurasa unaoonesha toleo la ramani. Ramani ya kiwandani kwa kawaida hutangulia gari kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kama ni ya miaka mitano nyuma ya mwaka aliotangaza, uliza maswali. Kama ni mpya kuliko gari, huenda mwenye gari wa kwanza alikuwa analipia kusasisha, na hilo linanipa imani naye kuhusu mambo mengine pia.

Kwa kutafuta njia tumia simu yako, ukiifunga kwenye tundu la AC, si kwenye kioo cha mbele ambako jua letu linaizima. Pakua ramani kabla ya kuondoka, Google Maps au Organic Maps, kwa sababu mtandao utapotea njiani. Dar hadi Mtwara, takriban kilomita 560, haina ugumu wa kona; uamuzi mkubwa ni pale Mnazi Mmoja, Mtwara au Masasi. Ugumu uko kwenye njia za mkato za vijijini. Ramani ya simu haijui kwamba tumbo la Crown liko karibu na ardhi, na itakupitisha kwenye mchanga ambao Land Cruiser yenyewe inaheshimu. Na mvua zikikata barabara, kama zilivyoikata Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, mpigie dereva wa basi aliyepita asubuhi.

Ukiamua redio mpya kwa vyovyote vile, chagua iliyotengenezwa kwa modeli ya gari lako pamoja na kisanduku chake cha kutafsiri mtandao wa gari, ifungwe kwa soketi bila kukata waya hata mmoja, na ile ya asili uiweke ndani kwenye boksi. Gari linalodhibiti AC kwa kioo, mimi silifungui. Namwambia mteja anunue kishikio cha simu.

Na unapouza, ingia kwenye kumbukumbu ufute anwani ya nyumbani na simu zilizounganishwa kwa Bluetooth. Mara nyingi nakuta nyumba ya Mjapani wa kwanza bado imehifadhiwa humo, na majina ya watu aliokuwa akiwapigia.