Manung'uniko ya hemani

Mke wangu huniita "Baba Mchungaji" kwa sababu mbili tu: kukiwa na wageni, au nikiwa nimekosea. Jioni ile hatukuwa na wageni. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha wazee wa usharika, na tangu nilipovua viatu mlangoni nilikuwa nasema: mabati yamekuja pungufu, kamati ya ujenzi haileti taarifa, kwaya wanadai sare mpya na huku paa linavuja. Nikala ugali huku nasema. Nikanawa huku nasema. Akanisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza, "Baba Mchungaji, na huko kikaoni umeyasema haya?"

Sikuwa nimesema hata moja. Kikao nilikifungua kwa sala na kukifunga kwa sala.

Nina miaka 18 katika uchungaji, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefundisha juu ya kulalamika kwa njia moja: acheni, mshukuruni Mungu. Wafilipi 2:14 nilikuwa naijua kwa moyo, "Yatendeni mambo yote pasipo manung'uniko wala mashindano," na nilikuwa naisoma kama lile tangazo la zahanati linalosema KIMYA. Swali la mke wangu ndilo lililonirudisha kwenye habari za jangwani, nizisome taratibu, kama mshtakiwa na si kama mwendesha mashtaka.

Katika Kumbukumbu la Torati 1:27 Musa anawakumbusha Waisraeli siku ile wapelelezi waliporudi kutoka Kanaani. Watu walinung'unika wapi? Hemani mwao. Zaburi 106:25 inalirudia neno hilohilo, hemani. Na nung'unika ni neno la mdomo uliofumbwa nusu, ukilitamka unasikia linavyobaki puani. Lile la Kiyunani alilotumia Paulo, gongusmos, nalo ni hivyohivyo, sauti ya koo. Mtu anayetaka jambo lake lisikike hatoi sauti ya namna hiyo.

Siku hizi hema ni kundi la WhatsApp la wanajumuiya "bila mchungaji". (Ndiyo, najua lipo.) Ni siti ya daladala, ni saluni, ni meza yangu mwenyewe ya chakula. Tunasema kila mahali isipokuwa mahali ambapo neno lingeweza kufanya kazi.

Hesabu 11 ndiyo sura ninayowasomea watu mara nyingi zaidi. Waisraeli wamechoka na mana, sasa wanaikumbuka Misri: samaki, matango, matikiti, mboga, vitunguu, vitunguu saumu. Tena samaki wale, wanasema, walikuwa wanakula bure. Bure! Watu waliofyatua matofali chini ya fimbo, ambao watoto wao wa kiume Farao aliamuru watupwe mtoni, wanasema chakula kilikuwa bure. Manung'uniko hukarabati kumbukumbu. Mimi nami siku zile nilikuwa nausifia usharika wangu wa zamani, wazee wake wasikivu, mahesabu yake safi. Mke wangu, ambaye aliishi nami huko, anasema huko nako sikunyamaza siku moja.

Lakini sura hiyohiyo ina mlalamikaji mwingine, mkali kuliko wote, naye ni Musa. Anamuuliza Mungu kama ni yeye, Musa, aliyewachukua watu hawa mimba. Anasema mzigo umemshinda. Anasema kama mambo ndiyo haya, afadhali uniue. Mwanzoni mwa sura moto umeteketeza pembezoni mwa kambi kwa sababu ya manung'uniko; Musa anasema maneno mazito kuliko yao, na moto hauwaki. Mungu anamwambia akusanye wazee 70 wamsaidie kubeba.

Hapo ndipo mafundisho yangu ya zamani yalipoporomoka. Uchungu ulikuwa uleule, huenda wa Musa ulizidi. Watu walizungumza wao kwa wao habari za Mungu, Musa alizungumza na Mungu. Hana, yule mwanamke asiyekuwa na mtoto, naye ni hivyo. Penina, mke mwenzake, alimchokoza mwaka baada ya mwaka hadi akawa analia na hali chakula, lakini hatusomi kwamba alikwenda kumsema Penina kisimani. Aliimimina roho yake mbele za Bwana, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Halafu akaondoka, akala, na uso wake haukukunjamana tena. Samweli, mtoto aliyemwomba, alikuwa bado hajatungwa hata mimba.

Basi siku hizi mtu akija ofisini kwangu na lawama, simwambii ashukuru. Namuuliza swali nililoulizwa mimi: umemwambia nani? Kisha namwomba amwambie Mungu sentensi zilezile alizoniambia, bila kuzivika tai. "Mungu, wifi yangu ananidharau." Nusu ya malalamiko hufia hapo, kwa sababu mtu huona haya kumtilia chumvi Yule aliyekuwepo. Nusu inayobaki ni ya kweli, na hiyo haiishii kwenye sala. Mathayo 18:15 inakutuma kwa aliyekukosea, wewe na yeye mkiwa peke yenu. Na Matendo 6 yanaanza na manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria wajane juu ya kuridhika. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, chakula kikagawanywa.

Nasema hili kwa sababu nimesikia mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa na wacha Mungu wenzake, "Vumilia, mpendwa, usilalamike, Mungu hapendi manung'uniko." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanamke huyo halalamiki, anatoa taarifa, na mahali pake ni Dawati la Jinsia polisi na kwa mchungaji atakayemsindikiza. Anayemnyamazisha kwa Wafilipi 2:14 ameishika Biblia kichwa chini.

Kuhusu mazoea yenyewe, hayaondoki kwa toba ya Jumapili moja. Paulo, akiwa kifungoni, anawaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Amejifunza, anasema, maana yake kuna siku alikuwa hajui. Mimi bado niko madarasa ya chini. Ninachofanya, kabla ya kufika nyumbani nasimama kidogo chini ya mwembe wa kanisa na kumwambia Mungu yote, kwa hasira yake yote. Mlinzi alishazoea kuniona naongea peke yangu.

Na mabati? Nilimwendea mwenyekiti wa kamati peke yangu. Yalikuwa pungufu kweli, bando mbili. Ilituchukua vikao viwili na maneno machache ya moto mpaka hesabu ikakaa.

Siku hesabu ilipokaa nilirudi nyumbani nimetulia, nikakaa mezani bila neno. Mke wangu akapakua, akaketi, akaanza: kuku wa jirani wameingia tena bustanini, wamemaliza mchicha wote, na hii ni mara ya tatu. Nikafungua mdomo nimuulize kama jirani ameshaambiwa. Nikamtazama usoni, nikautia tonge.