Mgawo wa mifuko kwenye machimbo ya dhahabu

Mgawo wa mifuko ni utaratibu wa kulipana kwa mawe badala ya mshahara. Katika machimbo madogo ya mikoa kama Geita, mawe yenye dhahabu hupakiwa kwenye viroba pale pale juu ya duara, yaani shimo, na kugawanywa kabla ya kusagwa. Ukitaka kujua dhahabu inakifanyia nini kijiji, anzia hapo: nani anaondoka na mifuko, na nani hahesabiwi.

Wanaogawana ni mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Pengine na mwenye shamba. Leseni ndogo ya uchimbaji (PML) hupewa Watanzania, kwa miaka 7. Mwenye duara ndiye mtoa mtaji: chakula, magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, baruti, dizeli ya pampu. Viwango hutofautiana kila machimbo na mara nyingi hupatanwa kwa mdomo tu.

Tuseme imetoka mifuko 100, na mapatano ni 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa duara, 30 kwa wachimbaji 10. Kila mchimbaji ana mifuko 3. Sasa mwenye duara akisema gharama zitoke kwanza, akaondoa mifuko 20, inabaki 80; fungu la wachimbaji linashuka hadi 24, na kila mmoja anapata chini ya mifuko miwili na nusu. Ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Kabla ya sururu ya kwanza, iandikwe mbele ya mashahidi kama gharama zinatoka juu ya mifuko yote au kwenye fungu la mwenye duara.

Duara linaweza kukaa miezi bila kutoa mawe ya maana. Mchimbaji anakula kambini lakini hana cha kutuma nyumbani, na mkewe anabaki na jembe peke yake. Siku mawe yakitoka, pesa inaingia kwa mkupuo: bati, pikipiki, ada za shule. Kodi za vyumba na bei ya vyakula hupanda kwa wote, hata kwa asiye na mfuko. Mkulima mwenye mahindi ya kuuza hufaidi. Anayenunua unga huumia.

Anayeonewa zaidi, kwa maoni yetu, ni mama lishe. Huwalisha wachimbaji kwa mkopo hadi siku ya mgawo. Duara likifeli, deni lake halilipwi, na likitoa, haongezewi kitu. Anabeba hasara ya shimo bila kuwa na fungu ndani yake.

Mfuko wenyewe bado si pesa. Mwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, hutoza usagaji, na mara nyingi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hubaki kwake. Katika kuosha hutumika zebaki, nayo hukamata dhahabu iliyo huru tu. Iliyofungwa ndani ya chembe za mwamba, au iliyo laini mno, hupita mwaloni, yaani pale pa kuoshea. Ndiyo maana wenye vati, yaani matangi makubwa, hununua marudio na kuyachenjua kwa sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Mchimbaji asiyedai marudio yake huenda ameacha sehemu kubwa ya dhahabu yake pale. Kisha zebaki iliyokamata dhahabu huchomwa ili ibaki dhahabu, pengine kwenye jiko la nyumbani, na mvuke wake huingia mapafuni mwa watoto. Kifaa cha kunasia mvuke hupunguza sana hilo, na zebaki hurudi kutumika tena.

Mwisho ni kuuza. Tangu 2019 kuna masoko ya madini yenye mizani na vipimo vya usafi wa dhahabu. Lakini mwenye duara aliyekopa mtaji kwa mnunuzi hulazimika kumuuzia huyo huyo, kwa bei ya chini, mara nyingi nje ya soko. Hapo hata ushuru wa huduma, ambao ndio fungu la halmashauri, haukatwi.