"Walisindikiza Tu"? Hesabu ya Nyambizi Inawaonea Mabaharia wa Kanada

Nimeambiwa tena, na mtu aliyesoma vizuri, kwamba mabaharia wa Kanada katika Vita vya Pili vya Dunia "walisindikiza tu" misafara ya meli za mizigo kuvuka Atlantiki, na kwamba uchache wa nyambizi za Ujerumani walizozamisha unathibitisha udhaifu wao. Hesabu hii inaniudhi. Msindikizaji hupimwa kwa meli zilizofika. Korveti, meli ndogo ya kivita ya kusindikiza, ikiacha zamu yake kufukuzana na nyambizi moja usiku kucha, nyambizi ya pili inapita palepale korveti ilipotoka.

Chukua msafara SC 42, Septemba 1941, karibu na Greenland: meli za mizigo zaidi ya 60, walinzi wanne. Manowari kubwa zaidi Skeena, halafu korveti Orillia, Alberni na Kenogami. Orillia ikaondoka kuivuta meli ya mafuta iliyojeruhiwa hadi Iceland, wakabaki watatu. Skeena ikajitosa gizani katikati ya safu za meli, ikiiwinda nyambizi iliyokuwa ikielea humohumo. Korveti nyingine za Kanada, Chambly na Moose Jaw, zilikuja kuongeza nguvu, zikaizamisha U-501. Hata hivyo karibu robo ya msafara ilipotea.

Sasa fikiria nahodha aliye darajani, pale meli inapoongozwa. Watu wako majini, wanaita. Akisimamisha meli, anakuwa shabaha na ulinzi unabaki wazi. Asiposimama, baridi ya Atlantiki ya Kaskazini haiwapi muda. Uamuzi huo waliuchukua vijana ambao wengi wao walikuwa raia wa kawaida juzijuzi tu, baadhi wakitoka kwenye mashamba ya ngano mbali kabisa na bahari. Jeshi lao la majini lilianza vita na watu wapatao 3,500 likafikia karibu 100,000. Mafunzo ya kutosha yangepatikana lini?

Vifaa navyo! Korveti ilikwenda noti 16 (kama kilomita 30 kwa saa). Nyambizi ikiwa juu ya maji iliiacha nyuma. Rada yao, aina ya SW1C, haikufikia ubora wa rada ya Waingereza, aina ya 271. Na mara nyingi walipewa misafara ya polepole, iliyokaa muda mrefu zaidi pasipofika ndege za ulinzi.

Baada ya msafara ONS 154, Desemba 1942, iliyopoteza meli 14, vikosi vya Kanada viliondolewa katikati ya Atlantiki vikafunzwe upya. Waingereza walilaumu mafunzo, Wakanada wakataja vifaa. Vitabu hupenda kuchagua upande. Mimi bado siwezi, kwa sababu upungufu wa aina zote mbili ulikuwa kwenye meli zilezile, usiku uleule. Lakini Aprili 1943 Admeri Leonard Murray, akiwa Halifax, bandari ya Kanada, alikabidhiwa ulinzi wa misafara yote ya kaskazini-magharibi mwa Atlantiki. Hakuna Mkanada mwingine aliyeongoza eneo zima la vita la Washirika, yaani upande wa Uingereza, Marekani na wenzao.